Uko na biashara Ishiara? Simu yako ni ofisi, itumie hivyo

Siku ya soko Ishiara hakuna kulala. Mbuzi wanashushwa kwa pikapu, magunia ya ndengu yanabebwa mgongoni, maembe yanapangwa kwa mafungu, na lugha zinagongana hewani: Kimbeere, Kitharaka, Kikamba, halafu Kiswahili chetu cha kuunganisha wote. Mji wenyewe ni mdogo, uko Mbeere Kaskazini, kaunti ya Embu, karibu na mpaka wa Tharaka Nithi, na jua lake halina huruma na mtu. Lakini chapaa inayozunguka hapo siku moja si mchezo.

Sasa angalia mikono ya wanaouza. Wengi wana simu. Wengine wana mbili, kabambe ya kupokea M-Pesa na nyingine ya TikTok. Swali ni moja tu: hiyo simu inakuingizia pesa ama inakula pesa?

Nauliza kwa sababu vijana wengi wa huku wanaanza biashara kwa moto, kibanda cha chipsi, kinyozi, duka la vifaa vya simu, uuzaji wa mbuzi, halafu baada ya miezi sita unasikia mse amefunga na ameshika matatu ya Nairobi kutafuta kibarua. Ukimuuliza shida ilikuwa nini, anakwambia "biashara ilikataa tu." Biashara haikatai bure. Mara nyingi pesa ilikuwa inavuja mahali hakuna mtu alikuwa anaangalia.

Mimi chuo niliacha kabla ya kufika mwisho, kwa hivyo usitarajie mhadhara. Haya ni mambo ambayo mtu yeyote mwenye simu anaweza kuanza kufanya wiki hii, mengi bila kutoa hata bob.

Pesa ya duka isilale kitanda kimoja na pesa ya nyumba

M-Pesa ilianza Machi 2007, na kwa miaka mingi watu walikuwa wanalipwa kwa laini zao za kawaida. Wengi bado wako hapo. Mteja anatuma Sh150 ya chipsi, inaingia pale pale ambapo shangazi ametuma mia tano ya mazishi na wewe umenunua bando ya mia. Jioni ukiangalia salio huwezi kujua ni gani ya biashara. Ukiona elfu nne unajiona tajiri, unanunua viatu. Kesho viazi vimeisha na hakuna pesa ya kununua vingine.

Dawa ni kuwa na mfuko wa biashara peke yake. Uko na njia mbili rahisi. Ya kwanza ni Pochi la Biashara, ambayo unajisajili mwenyewe kwa kubonyeza *334# kwa laini yako, bila makaratasi mengi. Pesa ya wateja inaingia kwa pochi, si kwa akaunti yako ya kawaida. Ya pili ni nambari ya tili ya Lipa na M-Pesa. Hiyo inafaa ukiwa na mauzo mengi, ama ukiwa na mtu anakusaidia kuuza, kwa sababu hata akipokea malipo hana haja ya kutumia laini yake. Tangu 2022, mteja wa Airtel Money pia anaweza kulipa kwa tili ya M-Pesa, kwa hivyo ile hadithi ya "mimi niko Airtel" haifai kukupotezea mteja.

Kabla ya kuchagua, omba uonyeshwe jedwali la ada. Uliza nani anakatwa, wewe ama mteja, na kutoa pesa ni ngapi. Muuza peremende za Sh10 na muuza mbuzi wa Sh8,000 hawawezi kuchagua njia moja kwa sababu tu jirani ameichagua.

Mauzo si faida, tusidanganyane

Hapa ndipo watu wengi wanaanguka. Tuchukue mfano wa kibanda cha chipsi. Bei hizi ni za mfano tu, weka zako. Tuseme kwa siku unauza Sh3,500. Viazi Sh1,400, mafuta Sh900, makaa Sh300, karatasi na sosi Sh150, kodi ya kibanda ukiigawa kwa siku Sh150, na kijana anayekusaidia Sh300. Jumla ya gharama ni Sh3,200. Umebaki na Sh300.

Sasa, kama kila jioni unachukua Sh500 kwenda nayo nyumbani, unakula Sh200 za mtaji kila siku. Ukifanya kazi siku 26 kwa mwezi, hiyo ni Sh5,200 imetoweka. Hakuna mwizi, hakuna mchawi. Ni wewe na hesabu.

Teknolojia ya kuzuia hii ni ya bei rahisi kuliko zote: kaunta buku na kalamu. Ukishazoea, hamia kwa simu. Programu ya Google Sheets ni ya bure na inafanya kazi hata bila intaneti ukiwasha hiyo sehemu, halafu inajipanga ukipata mtandao. Tengeneza safu nne tu: tarehe, kilichoingia, kilichotoka, kilitoka kwa sababu gani. Usiweke safu kumi na tano siku ya kwanza. Utachoka Jumatano.

Mwisho wa mwezi, omba taarifa yako ya M-Pesa kwa apu ama kwa *334#. Iweke kando ya kitabu chako. Kama kitabu kinasema uliuza elfu tisini na M-Pesa pamoja na pesa taslimu zinasema elfu themanini, kuna shimo la elfu kumi na unajua pa kuanza kutafuta.

Na kitu kingine: taarifa ya miezi sita iliyo safi, inayoonyesha mauzo ya kila siku, ndiyo unaweza kupeleka kwa Sacco ama benki ukitaka mkopo wa maana. Mtu wa mkopo hawezi kusoma moyo wako. Anasoma karatasi.

Bei isikufikie kwa mdomo wa dalali peke yake

Huku kwetu dalali anakuja na lori, anasema bei ya ndengu imeshuka Nairobi, na wewe unauza kwa sababu gunia liko mbele yako na karo inaitishwa. Labda anasema kweli. Labda hasemi. Bila habari, huna la kujibu.

Wizara ya Kilimo ina mtandao unaoitwa KAMIS, ambao unaonyesha bei za mazao na mifugo katika masoko mbalimbali ya nchi, za jumla na za rejareja. Kuingia ni bure. Si kila soko linajazwa kila siku, kwa hivyo angalia tarehe ya bei kabla ya kuiamini. Halafu piga simu mbili: moja kwa mtu wa Embu mjini, nyingine kwa mtu wa Chuka ama Nairobi. Dakika tano.

Piga hesabu uone kama inafaa. Gunia la ndengu la kilo 90, ukipata Sh10 zaidi kwa kila kilo, ni Sh900 kwa gunia. Kama kulisafirisha kunakula Sh300, umebaki na Sh600 ambazo zingeenda na dalali. Ukiwa na gunia moja, labda haifai kuhangaika. Mkiwa majirani watano na magunia ishirini, hiyo ni Sh12,000. Grupu ya WhatsApp ya watu watano wanaoaminiana inaweza kukodi pikapu moja. Hakuna apu ya kigeni imehitajika hapo.

Halafu mizani. Ukiuza kwa debe, kwa gorogoro ama kwa "kukadiria kwa macho", kuna mtu anapunjwa, na mara nyingi ni wewe. Mizani ya kidijitali ya kuning'iniza si ghali, na inasaidia kwa nafaka, maembe hata mbuzi mdogo. Kumbuka tu kwamba mizani ya kuuzia watu lazima ikaguliwe na ipigwe muhuri na maafisa wa vipimo. Ile yako ya nyumbani itumie kujua ukweli kabla ya kufika sokoni.

WhatsApp Business: duka lisilofungwa

WhatsApp Business ilitoka 2018 na bado kuna mfanyabiashara anayetumia WhatsApp ya kawaida yenye picha ya wasifu ya mtoto wa dadake. Badilisha. Ni ya bure, na mazungumzo yako yanahama na wewe ukifuata maagizo.

Kazi yake ni hizi. Unaweka jina la biashara, mahali ulipo na saa za kufungua. Unaweka katalogi yenye picha na bei, ili mtu asikuulize "bei gani?" mara mia. Unaandika jibu la haraka kwa maswali yanayojirudia. Unaweka lebo kwa wateja: aliyelipa, anayedaiwa, aliyeagiza. Lebo ya "anayedaiwa" peke yake inaweza kukuokolea maelfu, kwa sababu madeni ya kichwani huwa yanasahaulika na upande mmoja tu, na si upande wako.

Picha: piga asubuhi ama jioni, si saa saba mchana jua la Ishiara likiwa limechoma kila kitu hadi rangi imekuwa nyeupe. Weka kitu cha kuonyesha ukubwa kando ya bidhaa. Kama ni mbuzi, mpige kutoka ubavuni akiwa amesimama, na uandike umri. Kama ni embe, andika aina, apple, Kent, Tommy ama Ngowe, kwa sababu mnunuzi wa juisi na mnunuzi wa kula mezani hawatafuti kitu kimoja.

Na usiandike "njoo inbox kwa bei". Andika bei. Anayeogopa bei yako hangekununulia hata inbox.

Usiweke mayai yote kwa soko moja

Mnakumbuka Mei 2024? Kaunti za Mombasa na Kilifi zilipiga marufuku muguka, na Mbeere ikatetemeka. Majani ya muguka hayangoji kesi iishe. Yakikaa siku chache yamekuwa takataka. Suala lilifika kortini Embu na hadi kwa Rais, na wakulima wakapata nafuu, lakini zile siku za katikati zilikuwa ngori kwa mtu ambaye wateja wake wote walikuwa Pwani.

Tuweke kando mjadala wa muguka wenyewe, watu wana maoni yao na ya kiafya yana uzito. Somo la biashara linabaki: kama soko lako lote ni nambari moja ya simu, hiyo si biashara, ni bahati. Tumia mtandao kujenga orodha ya wateja wa sehemu tofauti. Mtu wa Embu, wa Chuka, wa Meru, wa Thika. Ukiuza maembe, tafuta mwenye hoteli, mwenye duka la juisi na shule, wote kwa orodha moja. Mmoja akisema "wiki hii hapana", bado uko na wengine wa kupigia.

Pia jiweke kwa ramani. Google Business Profile ni ya bure. Mtu anayetoka Nairobi kwenda Meru kupitia huku akitafuta "mahali pa kurekebisha tairi Ishiara", anapata nani? Yule aliyejisajili. Weka nambari, picha ya mbele ya duka na saa za kazi. Halafu mwombe mteja aliyeridhika akuandikie maneno mawili ya kweli. Usijiandikie mwenyewe ukitumia simu ya mpenzi wako, watu wanajua.

Wakora pia wako na simu

Kuna mchezo wa zamani ambao bado unakula watu: ujumbe feki wa M-Pesa. Soko limejaa, mteja anasema ametuma, SMS inaingia, unampa mzigo, anapotea. Baadaye unagundua ujumbe ulitoka kwa nambari ya kawaida. Ujumbe halisi unaingia chini ya jina MPESA, pamoja na zile za awali. Hata hivyo, ukiwa na haraka usisome ujumbe peke yake. Angalia salio. Salio halidanganyi.

Mengine ya kukariri:

Safaricom ikikupigia, inatumia 0722 000 000. Mtu mwingine akikupigia akisema "tili yako imefungwa, nisomee nambari uliyotumiwa", kata simu. Nambari za matapeli unaweza kuzituma kwa 333.

Ukituma pesa kwa nambari isiyo yake, sambaza ujumbe wa M-Pesa kwa 456 haraka iwezekanavyo. Lakini kwanza, soma jina linalokuja kabla ya kuthibitisha. Hiyo sehemu iliwekwa kwa sababu yako.

Piga *100*100# kuzuia mtu asibadilishe laini yako kwa kukuigiza.

Washa uthibitisho wa hatua mbili kwa WhatsApp. Mkora akipata ile nambari ya tarakimu sita anachukua akaunti yako, anaomba wateja wako pesa kwa jina lako, na wewe ndiye unabaki kueleza.

PIN ya duka usimpe mfanyakazi. Hata akiwa binamu. Hasa akiwa binamu.

Mkopo wa dakika mbili, majuto ya miezi

Hapa nataka tuongee polepole, kwa sababu biashara nyingi za vijana zinazikwa na mikopo ya simu.

Tuseme apu inakupa Sh5,000 na inataka Sh5,750 baada ya siku 30. Unasema, aah, ni mia saba hamsini tu. Ukifanya hivyo kila mwezi kwa mwaka, umelipa Sh9,000 za ada kwa ile ile elfu tano, na elfu tano yenyewe bado si yako. Rudi kwa mfano wetu wa chipsi wa faida ya Sh300 kwa siku: umefanya kazi siku 30 nzima kwa mwenye apu.

Linganisha. Hustler Fund, iliyozinduliwa Novemba 30, 2022, inatoza asilimia 8 kwa mwaka, na mkopo wa kibinafsi unalipwa kwa siku 14. Sh5,000 kwa hizo siku 14 ni kama Sh15 za riba. Unaipata kwa *254#, inaanzia Sh500 hadi Sh50,000, na asilimia 5 ya unachokopa inawekwa kama akiba yako. Shida yake ni kwamba wengi wanaanza na kiwango kidogo, lakini kinapanda ukilipa vizuri. Fuliza nayo ina ada ya asilimia 1 ukiingia, halafu ada ya kila siku mpaka umalize. Ni ya dharura ya jioni moja. Ukiifanya mtaji, kila pesa ya mteja inayoingia kwa laini hiyo inamezwa kwanza.

Ukilazimika kutumia apu, hakikisha iko kwenye orodha ya wakopeshaji wa kidijitali walio na leseni ya Benki Kuu ya Kenya. Orodha iko kwa tovuti yao. Kanuni za 2022 zinawakataza kukutisha na kuwapigia simu watu walio kwenye simu yako kukuaibisha. Mkopeshaji akifanya hivyo, unaweza kulalamika kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data. Septemba 2023, ofisi hiyo iliipiga kampuni moja ya mikopo, Mulla Pride, faini ya Sh2,975,000 kwa kutumia majina na nambari za watu ambao hawakuwa wamekubali.

Na zile simu za "lipa mdogo mdogo". Chukua simu ya Sh12,000 taslimu. Kwa mpango wa kulipa, unaweka Sh2,000 halafu Sh65 kila siku kwa mwaka. Sh65 mara 365 ni Sh23,725, jumla Sh25,725. Ni zaidi ya simu mbili. Na usipolipa, inafungwa kutoka mbali, siku hiyo ya soko wateja wako wote wakiwa ndani yake. Kuna watu ambao hawana njia nyingine, sawa. Lakini piga hiyo hesabu kabla ya kutia sahihi, na uliza kama simu iliyotumika, kutoka kwa fundi unayemjua, haiwezi kufanya kazi ile ile.

KRA wako pia

Najua, hii sehemu ungetaka kuiruka. Usiruke.

Ukiuza Sh3,500 kwa siku kwa siku 26 kila mwezi, mwaka mzima ni Sh1,092,000. Umeshapita Sh1 milioni. Sheria ya Fedha ya 2023 iliweka ushuru wa mauzo, ule unaoitwa TOT, kuwa asilimia 3 kwa biashara zinazouza kati ya Sh1 milioni na Sh25 milioni kwa mwaka. Unalipwa kila mwezi, kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Na ni wa mauzo, si wa faida. Kwa kibanda chetu cha chipsi, ni Sh105 kwa siku kutoka kwa faida ya Sh300. Zaidi kidogo ya theluthi moja. Ndiyo maana bei yako haifai kupangwa bila kuiweka hiyo ndani. Mtu anayepanga bei kwa kumwangalia jirani hajui kama jirani mwenyewe anazama.

Halafu kuna eTIMS. Tangu Januari 1, 2024, mwenye biashara akinunua kitu bila risiti ya eTIMS, hawezi kukihesabu kama gharama anapolipa ushuru wake. Maana yake kwako? Hoteli ya Embu ama shule inayotaka kununua ndengu zako itakuuliza, "Uko na eTIMS?" Ukisema hapana, inaenda kwa mwingine. Huhitaji kununua mashine. Unaweza kutumia eTIMS kwa kubonyeza *222# ama kupitia eCitizen. Kwa mtu anayetaka kuuzia mashirika, hiyo risiti ni mlango.

Picha ya mteja si yako

Umemnyoa mse, ametoka safi, unampiga picha na kuiweka TikTok. Umemuuliza? Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakugusa pia. Septemba hiyo hiyo ya 2023, klabu ya Casa Vera Lounge ya Nairobi ilitozwa faini ya Sh1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila ruhusa yake. Kinyozi wa Ishiara hana milioni. Uliza kwanza, na akikubali, mwombe akuandikie "sawa" kwa WhatsApp. Akiwa mtoto, ongea na mzazi.

Akili Unde: msaidizi, si mkubwa wako

Kila mtu anaimba ChatGPT tangu itoke mwishoni mwa 2022. Inasaidia? Ndiyo, ukiipa kazi yake. Inaweza kukuandikia tangazo fupi la Kiswahili, kukupangia orodha ya gharama, kukutengenezea barua ya kuomba kuuzia shule mboga, ama kukueleza maana ya neno gumu kwa mkataba.

Lakini haijui bei ya mbuzi Ishiara leo asubuhi. Ukiiuliza inaweza kukupa nambari kwa ujasiri wa mlevi. Haimjui mteja wako anayelipa kila mwisho wa mwezi bila kukosa. Na usibandike humo majina, nambari za simu wala vitambulisho vya wateja wako. Kila inachokuandikia, kisome kwa sauti. Kama hakisikiki kama mtu wa huku, kibadilishe.

Stima ikipotea

Ushauri wote wa simu unakufa simu ikizima. Nunua power bank ya kweli ama paneli ndogo ya sola. Jua tunalo la kutosha. Nambari ya tili iandike kwa ubao mkubwa mbele ya duka, si kwa skrini tu. Wateja wako ishirini wakubwa, andika nambari zao kwa kitabu. Washa hifadhi ya WhatsApp iende kwa Google Drive, ili simu ikiibiwa ama ikianguka kwa ndoo, biashara isianguke nayo. Na siku mtandao wa M-Pesa ukigoma, kama inavyotokea, uwe na chenji. Anayeuza siku hiyo ni yule mwenye sarafu.

Anza hivi

Usijaribu yote kesho. Jumatatu, fungua Pochi ama omba tili. Jumanne, anza kitabu cha safu nne. Jumatano, weka WhatsApp Business na bidhaa tano zenye bei. Alhamisi, washa uthibitisho wa hatua mbili na upige *100*100#. Ijumaa, jiweke kwa ramani. Jumamosi, andika madeni yako yote kwa ukurasa mmoja, riba na yote, na uchague moja la kumaliza kwanza. Jumapili pumzika, lakini ukiwa umepumzika jiulize swali moja: wiki hii nilibaki na ngapi?

Kama unaweza kujibu bila kukuna kichwa, uko mbele ya wengi, hata wale wenye maduka makubwa na rangi mpya ukutani. Na kama jibu halikufurahishi, ni afadhali ulijue ukiwa bado na mtaji wa viazi vya Jumatatu.